Toba ya Peni Moja

Mwaka 1612 watu wa London waliuziwa barabarani wimbo wa kuwahimiza wacheze kamari. Uliitwa Londons Lotterie. Uliimbwa kwa lahani ambayo watu waliijua tayari, na kazi yake ilikuwa kuwatoa fedha mfukoni wanunue tiketi za bahati nasibu ya Kampuni ya Virginia. Kampuni ilikuwa taabani. Koloni lake la Jamestown, lililoanzishwa mwaka 1607, lilikuwa limezika sehemu kubwa ya watu wake katika njaa ya majira ya baridi ya 1609 na 1610, na wenye hisa walikuwa wamechoka kutoa. Mfalme James I akaipa kampuni hati ya kuchezesha bahati nasibu. Droo ikafanyika kando ya kanisa kuu la St Paul's, na fundi cherehani mmoja, Thomas Sharplisse, akaibuka na zawadi kubwa: vyombo vya fedha vyenye thamani ya krauni 4,000. Wimbo ulimwambia Mwingereza kwamba anayetia dau anaijenga Virginia na anainufaisha nchi yake mwenyewe. Ni koloni lile lile ambalo mwaka 1619 lilipokea Waafrika waliotekwa Angola, wakabadilishwa kwa chakula.

Nautanguliza wimbo huu kwa sababu kuna imani ninayokutana nayo kila kamari inapojadiliwa, na wimbo huu peke yake unatosha kuitikisa. Imani yenyewe inasema kwamba nyimbo za zamani za mitaani zilikuwa shule ya maadili. Msanii wa kale alimkanya mcheza kamari. Wa leo anampigia debe. Wanaosema hivyo ni watu wenye nia njema: walimu wa fasihi, wahubiri, wazazi wanaoona vijana wao wakichaniwa mikeka ya kubeti kila mwisho wa wiki. Na anayefahamu fasihi ya Kiingereza hakawii kutaja baladi, zile tungo za kuimbwa zilizouzwa London kwa karne tatu, zenye mcheza kamari anayelia, anayetubu, anayewaasa wenzake wasifuate njia yake. Huo, tunaambiwa, ndio mfano wa sauti ya umma ikijionya yenyewe.

Nakataa. Toba ile haikutoka kwa mcheza kamari, wala haikutoka kwa umma. Ilikuwa bidhaa. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba ilimfundisha aliyeliwa kujitafuta kosa yeye mwenyewe tu, huku aliyemla akibaki bila jina.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Baladi ilichapwa upande mmoja wa karatasi, ikapambwa kwa picha iliyochongwa kwenye ubao, na chini ya kichwa likatajwa jina la lahani ya kuiimbia, kwa kuwa kuchapa noti za muziki kulikuwa ghali na wanunuzi wengi wasingezisoma. Bei yake ilikuwa peni moja, baadaye hata nusu peni. Picha zilirudiwarudiwa: mwanamume aliyekuwa mfalme katika karatasi ya jana anakuwa mlevi katika ya leo, maana kuchonga ubao mpya ni gharama. Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la wanamaji aliyefariki mwaka 1703, alikusanya zaidi ya baladi 1,800, na hadi leo zimehifadhiwa katika Chuo cha Magdalene huko Cambridge. Maktaba ya Bodleian ya Oxford inazo karibu 30,000. Anayezipitia anakutana na mauaji, vita, wake wakorofi, samaki wa ajabu waliotupwa ufukweni, na kamari ya kila namna: dadu, karata, farasi, jogoo, na dau la mdomo tu kati ya watu wawili. Mpiga chapa hakuchagua upande. Alichapa wimbo wa kumsifu bingwa wa dadu na wimbo wa kumlilia, akauza zote mbili.

Kundi moja la karne ya 17 linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndilo hasa wanalolikumbuka watetezi wa ile shule ya maadili. Ni baladi za mume mbaya. Kisa chake karibu ni kimoja: mwanamume anapeleka ujira wake kilabuni, anauacha kwenye pombe na michezo, mke na watoto wanalala njaa, kisha fedha zinapokwisha anazinduka na kuapa kwamba harudii tena. Moja ya baladi hizi inaitwa A Groats-worth of Good Counsel for a Penny. Jina hilo limebeba bei ndani yake. Groat ilikuwa sarafu ya peni nne, kwa hiyo mnunuzi anaahidiwa nasaha ya peni nne kwa peni moja. Hiyo ni kauli ya muuzaji anayenadi. Mtu aliyekwisha kupoteza ujira wake wote kilabuni anaombwa atoe peni nyingine anunue majuto, tena anunulie pale pale kilabuni, kwa kuwa karatasi hizi zilibandikwa kwenye kuta za vilabu na kuimbwa humo humo.

Haki itendeke: baadhi ya baladi hizo zinamtaja mwenye kilabu, mama anayemchekea mteja akiwa na fedha na kumfukuza akiisha kufilisika. Ila tazama kidole kinapoishia. Kinaishia kwa mama muuza bia wa mtaani, mtu ambaye tangu sheria ya mwaka 1552 hakupata leseni bila kuweka dhamana mbele ya mahakimu kwamba hataruhusu michezo iliyokatazwa ndani ya nyumba yake. Juu yake hakuna anayeonekana.

Na juu yake walikuwapo wengi. Sheria ya Henry VIII ya mwaka 1541 iliwakataza wanagenzi, vibarua, watumishi na mafundi kucheza dadu, karata na tenisi, isipokuwa wakati wa Krismasi, tena mbele ya bwana zao. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba michezo hiyo inawapotezea watu muda wa kujifunza upinde. Lakini sheria hiyo hiyo ilimpa lodi, na mtu mwenye ardhi ya kumwingizia paundi 100 kwa mwaka, uwezo wa kuwaruhusu watumishi wake wacheze nyumbani kwake. Kosa, basi, lilipimwa kwa ardhi ya bwana. Ilipofika 1567, Malkia Elizabeth I alitangaza bahati nasibu ya kwanza ya taifa, ya kukarabati bandari, tiketi 400,000 kwa shilingi kumi kila moja. Ili kuwavuta wanunuzi, tangazo likaahidi kwamba atakayekwenda mahali pa kununua tiketi hatakamatwa kwa muda wa siku saba, isipokuwa kwa makosa makubwa kama mauaji, uhaini au uharamia. Mwanagenzi akirusha dadu, faini. Mdaiwa akinunua tiketi ya Malkia, hakamatwi. Sheria hiyo ya Henry ilidumu hadi mwaka 1845, sehemu yake kubwa ilipofutwa: zaidi ya miaka 300.

Hapo ndipo tunapopaswa kuuliza toba ile ilimfaa nani. Mwanagenzi aliyekaririshwa kwamba dadu ni udhaifu wa nafsi yake hakuwa na sababu ya kuuliza kwa nini dadu ya bwana wake si udhaifu. Wimbo ulifanya kazi ya hakimu kwa bei nafuu, na ukaifanya kwa sauti ya mshtakiwa mwenyewe. Hiyo "mimi" ya baladi, mimi niliyepotea, mimi niliyemliza mama yangu, ndiyo inayotudanganya tukadhani tunamsikia mcheza kamari. Aliyeandika ni mtu mwingine.

Katika karne ya 19 tunamjua vizuri mtu huyo. Alikuwa mtunzi fukara wa Seven Dials, mtaa wa London waliposongamana wapiga chapa wa baladi. Henry Mayhew, mwandishi wa habari aliyewahoji wachuuzi na masikini wa jiji hilo na kuchapisha mahojiano yake kuanzia mwaka 1849, alielezwa kwamba ujira wa kawaida wa wimbo mmoja ulikuwa shilingi moja. Kwa shilingi hiyo mtunzi aliandika maombolezo ya mtu aliyehukumiwa kifo bila kuonana naye, na mara nyingi kabla ya hukumu kutekelezwa, ili karatasi ziwe tayari asubuhi ya kunyongwa. Umati ulinunua maneno ya mwisho ya mtu ambaye bado hajafungua kinywa.

Mfalme wa biashara hiyo alikuwa James Catnach, aliyefungua duka lake Seven Dials mwaka 1813. Charles Hindley, aliyeandika maisha yake mwaka 1878, anasimulia kwamba sarafu za shaba zilimiminika kwa wingi kiasi cha kumfanya azichemshe kwa hofu ya magonjwa, na kwamba sarafu bandia alizolipwa alizipanga sakafuni jikoni kwake, zikawa marumaru. Biashara yake iliruka mwaka 1823, na kilichoirusha ni kamari.

Kesi hiyo nataka niisimulie kwa kirefu, maana hakuna tukio lililozaa karatasi nyingi za onyo dhidi ya kamari kama hili, na hakuna linaloonyesha waziwazi zaidi onyo hilo lilivyofanya kazi. John Thurtell alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Norwich, mtu wa heshima ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa mji huo. Kijana alipitia jeshi la wanamaji, akajaribu biashara ya vitambaa, akaanguka, akaingia katika ulimwengu wa ngumi za kulipwa na vyumba vya biliadi vya London. Huko alikutana na William Weare, mtu aliyeishi kwa kamari. Thurtell alidai kwamba Weare alimla paundi 300 kwa mchezo wa hila. Tarehe 24 Oktoba 1823 akamwalika kwenda kuwinda Hertfordshire, na njiani karibu na Radlett akampiga risasi ya bastola. Risasi haikumuua, akammaliza kwa kisu. Wenzake wawili, Joseph Hunt na William Probert, walishiriki kuuficha mwili, kwanza katika dimbwi la Probert, kisha katika dimbwi jingine huko Elstree. Weare alisemekana kutembea na utajiri mwilini mwake. Walichokipata ni paundi chache tu za kugawana.

Jiji likapagawa. Hindley anataja nakala 250,000 za karatasi ya Catnach kuhusu mauaji hayo, na nusu milioni za kesi. Hesabu hizo huenda zimetiwa chumvi, lakini hakuna anayepinga kwamba mitambo ilichapa usiku na mchana. Anasimulia pia kwamba mauzo yalipolegea, Catnach alitoa karatasi nyingine yenye kichwa kilichopangwa kwa hila, ili msomaji wa haraka adhani Weare amefufuka. Ukumbi wa Surrey Theatre nao ukafungua mchezo ulioitwa The Gamblers mwezi Novemba 1823, kesi bado haijasikilizwa, na jukwaani wakaleta gari na farasi wenyewe waliombeba Weare usiku ule. Mahakama iliusimamisha. Thurtell alinyongwa Hertford tarehe 9 Januari 1824, na siku ile ile wachuuzi walikuwa na tungo mikononi za kuwaasa vijana waache dadu na karata, wasije wakaishia hapo.

Sasa fikiria kijana wa miaka kumi na minane anayeinunua karatasi hiyo. Anajifunza nini? Anajifunza kwamba kamari humgeuza mtu kuwa muuaji. Hilo ni kubwa mno na la mbali mno kumhusu. Yeye hana bastola, hana gari la farasi. Ile shilingi anayopoteza kila Jumamosi haifanani na mauaji hata kidogo, kwa hiyo anaiona ndogo. Na hili ndilo jambo ambalo wapenzi wa nyimbo za onyo hawataki kulitazama: kadiri wimbo unavyomchora mcheza kamari kuwa jini, ndivyo mcheza kamari wa kawaida anavyojiona salama. Kuhusu vyumba alimochezea Thurtell, nani alikuwa mmiliki, hesabu ya mchezo ilimpendelea nani, askari walilipwa nini wasiingie, kijana hajifunzi lolote katika karatasi nilizosoma.

Miaka minne tu baada ya kunyongwa kwa Thurtell, Januari 1828, William Crockford, mtoto wa muuza samaki, alifungua kasri lake la kamari katika mtaa wa St James's. Hapo walicheza hazard, mchezo wa dadu uliokuwa umepigwa marufuku na Bunge tangu mwaka 1739. Duke of Wellington, aliyekuwa waziri mkuu mwaka huo wa 1828, alikuwa mwanachama. Mali za koo kubwa za Uingereza ziliyeyuka juu ya meza zile, na Crockford akastaafu tajiri wa kupindukia. Askari hawakumgusa. Wana wa malodi walipoliwa walikwenda kuishi Ufaransa kuwakimbia wadai. Mwanagenzi alipoliwa aliandikiwa baladi.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba serikali yenyewe haikuwa na uhusiano na watunzi wa mitaani. Ilikuwa nao. Kuanzia mwaka 1694, Thomas Neale alipoiendeshea bahati nasibu ya kukopa paundi milioni moja kwa tiketi za paundi kumi, taji la Uingereza lilizitegemea bahati nasibu kwa miaka zaidi ya 130. Jumba la makumbusho la British Museum lilianza kwa fedha za bahati nasibu ya mwaka 1753. Tiketi zilikuwa ghali kwa masikini, kwa hiyo mawakala walizikata vipande, hadi moja ya kumi na sita, na pembeni ukastawi mchezo haramu wa kubahatisha kwa sarafu chache ni namba ipi itatoka leo. Wakala maarufu kuliko wote, Thomas Bish, aliijaza London vikaratasi vyenye picha za ubao na tungo za vina, vya kuchekesha na kuimbika, vyote vikisema jambo moja: bahati yako iko dukani kwangu. Hata Charles Lamb, mwanainsha ambaye wasomi wa Kiingereza wanamheshimu, aliwahi kuandika matangazo ya aina hiyo. Mkono wa mtunzi ulikuwa wa kukodiwa. Leo uliandika "nunua", kesho ukaandika "tubu".

Watu wa zamani wenyewe waliliona hili mapema kuliko sisi. Mwaka 1614 Ben Jonson aliweka katika tamthilia yake Bartholomew Fair mwimbaji wa baladi aitwaye Nightingale, anayeimba sokoni wimbo wa kuwatahadharisha watu na wezi wa mifuko. Bwana mmoja mpumbavu anaufurahia wimbo mno, anasogea asikie vizuri, na akiwa amekaza masikio mwizi anamchomolea mkoba. Mwimbaji na mwizi wako kundi moja. Shakespeare naye, katika The Winter's Tale, alimfanya mwuza baladi wake Autolycus kuwa mwizi aliyekiri kwamba dadu na wanawake ndivyo vilivyomfikisha kwenye matambara aliyovaa. Hawa waliishi London, waliwasikia waimbaji hao kila siku. Hawakuona shule ya maadili. Waliona tahadhari inayotumika kama chambo.

Basi tukitaka kujua umma wenyewe ulipenda kuimba nini kuhusu kamari, tusitazame karatasi zilizonunuliwa na kubaki kwenye majalada ya Pepys. Tutazame nyimbo zilizobaki midomoni, zilizopokezwa na mama kwa binti, na mchungaji wa kondoo kwa mwanawe, hadi wakusanyaji walipozikuta hai karne moja au mbili baadaye. Hapo picha ni tofauti kabisa, na mimi napenda nyimbo hizi kwa moyo wote.

The Broomfield Hill ni mojawapo. Msichana anawekeana dau na kijana kwamba atakwenda kumkuta kilimani na atarudi bikira. Anafika, anamkuta kijana amelala, anamzidishia usingizi kwa maua ya kichaka kiitwacho broom, anamwachia pete kama ushahidi, anarudi nyumbani na ushindi wake. Hakuna toba. Mwanamke ametia dau juu ya mwili wake mwenyewe katika dunia ambayo wanaume ndio waliozoea kuupigia dau, na ameshinda kwa akili. Katika Robin Hood and Queen Katherine, malkia anamwekea mfalme dau la mashindano ya upinde, anawaleta kisiri Robin Hood na wenzake kwa majina ya bandia, na mfalme anapoteza mvinyo, bia na kulungu. Hapa pia hakuna anayelia. Na Skewball, wimbo wa mbio za farasi zilizokimbiwa Curragh, Ireland, katikati ya karne ya 18, unamfanya farasi aongee na mpanda wake na kuwaaibisha wote waliomdharau. Wimbo huo ulivuka Atlantiki, ukaingia midomoni mwa wafungwa weusi wa kusini mwa Marekani, wakaupigia shoka na jembe. Mwimbaji Lead Belly aliurekodi.

Sisemi kwamba nyimbo hizi zinatufundisha kucheza kamari, wala sitetei kamari. Nimeona nyumba zilizovunjwa nayo na sina neno la kuitetea. Nasema kwamba umma ulipoachwa uchague wenyewe, uliimba juu ya dau kama mahali ambapo mnyonge anaweza kumshinda mkubwa kwa siku moja. Ndiyo njaa inayowapeleka watu kwenye dadu. Wimbo wa toba haukuigusa njaa hiyo kamwe. Uliitukana tu.

Lakini je, mtunzi wa mtaani hakuweza kabisa kumnyooshea mkubwa kidole? Aliweza. Mwaka 1720 hisa za Kampuni ya South Sea zilipanda kutoka paundi kama 128 mwezi Januari hadi karibu 1,000 wakati wa kiangazi, kisha kabla mwaka haujaisha zikaporomoka chini ya 200. Kampuni hiyo ilikuwa na mkataba wa kusafirisha watumwa wa Kiafrika kwenda makoloni ya Hispania. Edward Ward akatoa baladi iliyowacheka wachuuzi wa hisa wa Exchange Alley. Thomas Bowles akachapa karata za kuchezea, kila moja ikiikejeli kampuni fulani ya kitapeli kwa picha na ubeti. Waziri wa fedha John Aislabie alipatikana na hatia ya rushwa, akapelekwa gerezani katika Mnara wa London mwaka 1721. Tungo za mwaka ule hazikuwaambia walioliwa tu kwamba wao ni dhaifu. Ziliuliza nani amekula. Tofauti ilitoka wapi? Safari hii walioliwa walikuwa mabwana, mapadri, mabibi wa koo kubwa, watu ambao malalamiko yao yalisikika Bungeni. Uwezo wa kuuliza ulikuwapo muda wote, mwanagenzi hakupewa.

Ndiyo maana nachoshwa na wanaosema onyo lolote ni afadhali kuliko kimya. Huku kwetu, Nairobi hadi Dar es Salaam, tangazo la kubeti redioni hufungwa kwa sauti ya harakaharaka inayomwasa msikilizaji acheze kwa kiasi. Aliyelipia onyo ni yule yule aliyelipia tangazo. Halafu tunaketi kulaumu vijana kwa kukosa kiasi, na tunawaomba wasanii watunge nyimbo za kuwakanya, kana kwamba kitu kilichokosekana ni wimbo mmoja zaidi wa kumwambia aliyeliwa kwamba kosa ni lake. Mwalimu anayetaka kufundisha baladi za kamari, na natamani wafundishe, aiweke Londons Lotterie ya 1612 ubavuni mwa baladi ya mume mbaya na awaulize wanafunzi nani alilipia kila moja.

Bahati nasibu ya taifa haikuuawa na nyimbo. Mwaka 1808 kamati ya Bunge iliwasikiliza mashahidi wakieleza jinsi familia masikini zilivyoweka rehani nguo na vyombo ili kubahatisha namba, nayo ikaripoti kwamba mfumo wenyewe umeoza tangu msingi na hakuna kanuni itakayoutengeneza. Serikali, kwa kuyapenda mapato, iliendelea nao. Sheria ya kuufunga ikapita mwaka 1823. Katika miezi ya mwisho mawakala walituma misafara ya mabango na vikaratasi vya vina kupita mitaani, kuwaita watu wasikose nafasi ya mwisho, na tarehe 18 Oktoba 1826 droo ya mwisho ikafanyika London. Uingereza ilikaa bila bahati nasibu ya taifa kwa miaka 168. Bunge hilo hilo liliirudisha kwa sheria ya mwaka 1993, na droo ya kwanza ikachezeshwa Novemba 1994.